Shairi na Mche: Wito kwa Vijana wa Mlalo

Mtu asimamaye Mlalo, katika milima ya Usambara, akautazama msitu wa Shagayu, haoni miti tu. Aona na maji yake ya kunywa. Basi moto wa kusafishia shamba ukimponyoka mwenyewe wakati wa kiangazi, hasara haiishii kwenye majani makavu. Mvua ijapo huukuta mlima u uchi, udongo mzuri huporomoka bondeni, na jamaa iliyotegemea viazi na maharage hubaki mikono mitupu.

Msiba wa namna hii tuliuona Kilimanjaro, ambako moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 uliteketeza yapata kilomita 95 za mraba. Lakini moto ukisha kuzimwa, kazi ya pili ndiyo kwanza yaanza: miche, mbegu, majembe, na chakula cha waliounguliwa. Kazi hiyo yataka fedha, na fedha haitoki mfukoni mpaka moyo uguswe.

Mtume wetu (S.A.W.) alipojiwa na watu wa Mudhar, wamevaa matambara kwa ufukara, uso wake ulibadilika. Akahutubu. Mtu mmoja wa Ansari akaleta mfuko uliomwelemea mkono. Wengine wakamfuata, hata yakapatikana marundo mawili, la chakula na la nguo. Hiyo ndiyo nguvu ya neno jema. Na Hassan bin Thabit, mshairi, aliwekewa mimbari msikitini.

Mkoa wa Tanga, uliomzaa Shaaban Robert mwaka 1909, haukosi warithi wa kalamu. Kijana wa Mlalo aweza kusimama baada ya maulidi akasema:

Twamwomba Mola mvua, huku msitu twachoma,
Ni nani asiyejua, mti huvuta neema?
Kijito kikiugua, na shamba litalalama,
Kutoa si kupungua, toa upate salama.

Dada zake nao walete mikeka waliyoisuka, hati za khati, na picha za milima na miti, vinadiwe mbele ya watu.

Twawaonya, hata hivyo, juu ya amana. Waandishi na wachoraji wa Australia, nchi yao ilipoungua, walinadi kazi zao mwezi wa Januari 2020. Mshindi wa mnada alipeleka fedha mwenyewe kwa wenye kuzima moto au kusaidia waliounguliwa, ndipo akakabidhiwa alichonunua. Msanii hakuishika hata senti. Nasi tufanye vivyo: mshindi alipe moja kwa moja kwa muuza miche au kwa aliyeunguliwa, na hesabu isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa. Tena tusichanganye mafungu: zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Kurani, miche ya msitu na inunuliwe kwa sadaka.

Lipo na neno la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Suratu Shuaraa yawalaumu washairi wasemao wasiyoyatenda, kisha yawatoa katika lawama hiyo wale walioamini na kutenda mema. Mshairi atakayetuliza kwa ajili ya msitu, kisha alfajiri akatia kiberiti shamba lake bila ya kukata njia ya moto wala kuwaita majirani, shairi lake limeungua kabla ya msitu. Ewe kijana, tunga, lakini upande nawe mche wako kwanza.

Mwenyezi Mungu atujalie kauli njema na vitendo vinavyoilingana. Amin.