Dawa ya Tumbo Isimezwe Nusu

Huenda nyumbani mwako yumo mtu alalamikaye kwamba chini ya chembe ya moyo pamchoma kama moto, hasa usiku au akiwa na njaa. Majirani humwambia aache pilipili na apunguze mawazo. Hata madaktari walidhani hivyo kwa miaka mingi.

Lakini mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walifaulu kuotesha kijidudu kilichotoka tumboni mwa wagonjwa. Jina lake ni Helicobacter pylori. Wengi hawakusadiki. Basi mwaka 1984 Marshall akavinywa vijidudu hivyo mwenyewe, na baada ya siku chache akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Wako watu wengi wenye kijidudu hiki wasiosikia maumivu yoyote. Lakini wengine huwatia vidonda vya tumbo, na baada ya miaka mingi chaweza kuleta saratani. Habari njema ni kwamba kidonda cha namna hii chapona. Mgonjwa akipimwa na kijidudu kikaonekana, daktari humpa dawa mbili au zaidi za kuua vijidudu, pamoja na ya kupunguza asidi. Siku hizi dozi kwa kawaida ni ya siku 14, kwa sababu kijidudu hujificha ndani ya ute wa tumbo, ambako dawa hufika kwa shida.

Hapa ndipo penye hatari. Mgonjwa ameza dawa siku tano, aona nafuu, kisha vidonge vilivyobaki aviweka akiba. Kumbe nafuu si dalili kwamba vijidudu vyote vimekufa! Ukipalilia shamba nusu, ukayaacha magugu yenye mizizi mirefu, mvua ijayo utayakuta hayo hayo yamejaa shamba zima. Ndivyo ilivyo tumboni. Vijidudu dhaifu hufa, vile sugu hubaki na kuzaa vingine kama vyenyewe.

Tena, dawa uliyomeza kwa ugonjwa mwingine yaweza kuleta madhara hayo hayo. Metronidazo, ambayo wengi huiita Flagyl, hununuliwa dukani kila mtu aharapo. Nayo ni mojawapo ya dawa za vidonda, na katika Afrika vingi vya vijidudu hivi vimekwisha kuizoea. Erithromaisini na azithromaisini, zimezwazo kwa kikohozi, ni ndugu za kilarithromaisini, dawa kubwa ya vidonda. Kijidudu kilichozoea mojawapo, mara nyingi hakidhuriki na nyingine. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikitia kijidudu kisichodhuriki na kilarithromaisini katika orodha ya vile vinavyohitaji kutafutiwa dawa mpya.

Basi, baba na mama, shikeni haya. Msinunue vidonge viwili vitatu bila kupimwa. Mpewapo dozi, ulizeni ni ya siku ngapi, na imezwe kabla ya chakula au baadaye. Dawa ikikusumbua, rudi kwa daktari ukamweleze, usiiache kimya kimya. Usimgawie jirani. Dozi ikiisha, ngoja si chini ya wiki nne, kisha urudi kupimwa kama kijidudu kimekwisha. Naye atapikaye damu, au apataye choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku ile ile.

Twajua kwamba fedha ya dozi kamili ni nzito kwa mkulima. Lakini nusu dozi ni fedha iliyotupwa, na tiba ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Tena kijidudu hiki huambukizwa mara nyingi utotoni, humo humo nyumbani. Kijidudu sugu cha baba leo chaweza kuwa cha mtoto kesho, na mtoto yule hatakuwa amemeza hata kidonge kimoja.