Uchovu wa Mgonjwa wa Moyo Si Uvivu

Lugha yetu imeubebesha moyo kazi nyingi. Moyo hupenda, huvunjika, huingia baridi, na mkaidi huitwa mwenye moyo mgumu. Kwa hivyo daktari anaposema kwamba moyo wa mgonjwa 'umeshindwa', aghalabu jamaa huipokea habari hiyo kama tanzia. Kama mwanaisimu, naona kwamba neno hilo lina madhara mawili: linatia hofu isiyostahili, na linatusahaulisha kwamba misuli ya mwili nayo inaugua.

Moyo ulioshindwa haujasimama. Unapiga, ila hausukumi damu inayotosheleza mahitaji ya mwili, au huisukuma kwa taabu. Wala huu si ugonjwa wa vikongwe pekee. Utafiti uliofanywa katika mataifa 9 ya Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwahusisha wagonjwa 1,006. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Hao ni watu ambao wengi wao bado wanalea na kusomesha.

Tuchukue mfano wa Kikopey, kituo mashuhuri kwa nyama choma kando ya barabara kuu baina ya Gilgil na Nakuru. Hapo watu huishi kwa nguvu za miguu yao: wachoma nyama husimama mbele ya moto kutwa, wachuuzi huyakimbilia magari, wafugaji hufuata mifugo. Katika mahali kama hapo, mtu wa makamo anayepumzika kila baada ya hatua chache husemwa kuwa mvivu, au kwamba amerogwa. Akishapimwa na kupewa dawa, hukumu hugeuka: sasa alale, asiguse hata ndoo ya maji. Naona hukumu zote hizo zina kasoro.

Tangu miaka ya 1990 wataalamu, wakiwemo Andrew Coats na wenzake nchini Uingereza, wamesisitiza kwamba uchovu huo hauelezwi na moyo pekee. Kipimo cha moyo unavyosukuma damu hakilingani vyema na umbali ambao mgonjwa aweza kutembea. Sababu kubwa imo mapajani. Misuli hukonda. Nyuzi zake zinazostahimili kazi ndefu hupungua, zikabaki kwa wingi zile za nguvu za ghafla zinazochoka upesi. Mitokondria, yaani vinu vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni kuzalisha nguvu, hudhoofika pia. Basi hata damu ikifika, misuli haiwezi kuitumia ipasavyo. Isitoshe, misuli hiyo ikifanya kazi hupeleka ubongoni ishara kali zinazomfanya mgonjwa aheme. Ndiyo maana dawa, ingawa ni za lazima, hazirudishi nguvu za miguu kwa siku moja.

Kulala kutwa huzidisha balaa. Misuli isiyotumika hukonda zaidi, mgonjwa akachoka zaidi, naye akazidi kulala. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 2,331 kutoka Marekani, Kanada na Ufaransa, ulionyesha kwamba mazoezi ya kipimo ni salama kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia, na huwaongezea uwezo kwa kiasi. Hapa kwetu, watafiti katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, wamejaribu mipango kama hiyo hospitalini na majumbani.

Sisemi mgonjwa apande mlima. Aliyevimba miguu upya, au anayehema akiwa ameketi, aende hospitali kwanza. Lakini aliyetulia aweza kuanza kwa dakika chache za kutembea mahali tambarare, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, akiongeza kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na chumvi ile inayomwagwa kando ya nyama ubaoni, aiepuke.

Ombi langu kwa wahudumu wa afya ni hili: mnapoandika idadi ya vidonge, andikeni pia dakika za kutembea, na mwelezeni mgonjwa mbele ya jamaa zake kwamba moyo wake ni dhaifu, haujafa. Jamaa wakilisikia hilo, hawatamwita mvivu, wala hawatamfungia chumbani kwa huruma.