Nyangwe: Sauti ilitangulia kitabu

« Mafundisho hayo yako wapi katika Biblia? » Wakatolika huulizwa hivyo mara nyingi na Wakristo wa makanisa mengine. Soko la zamani la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kusini mwa Maniema, linasaidia kuelewa jibu lao.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara Waarabu walifyatua risasi sokoni. Wengi walikufa, zaidi wanawake. Wengine walizama mtoni. David Livingstone aliona, akaandika. Lakini hesabu ya wafu, kati ya 330 na 400, aliipata kwa Waarabu wenyewe. Maandishi yake yalibeba neno la mdomo.

Injili pia ni hivyo. Luka anaeleza mwanzoni kwamba habari zake zilitoka kwa walioona kwa macho. Mitume walihubiri kwanza, kitabu kikafuata. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya 18 Novemba 1965, ulifundisha kwamba Maandiko Matakatifu na Mapokeo yanatoka katika chemchemi moja.

Si kila hadithi ya wazee ni Mapokeo: ni yale tu yaliyotoka kwa Mitume. Wakatolika nao huuliza: orodha ya vitabu vya Biblia imeandikwa katika kitabu gani cha Biblia?