Uji wa Shavuni na Uji wa Chupani

Mtoto wa miezi saba akimaliza kula, uji uko kwenye nyusi, masikioni, kwenye kanga ya mama na kwenye mkeka. Mama anamfuta kila baada ya kijiko, anamshika mikono asiguse bakuli, na mgeni akibisha hodi anaombwa radhi kwa hali ya mtoto. Pembeni ipo chupa ya chai yenye uji uliopikwa alfajiri, utakaonywewa saa saba mchana. Huo hauombewi radhi, maana chupa inang'aa na ina mfuniko. Kwa macho ya mtu wa lishe, hofu hapa imekwenda pasipostahili. Uji wa shavuni hauna neno. Wa chupani ndio wa kuulizwa maswali.

Naandika nikiwa na Ugalla akilini, kata ya Halmashauri ya Nsimbo, pamoja na vijiji vingine vya Katavi, kwa sababu huku chakula hakikosekani. Mahindi yapo, mpunga wa Itenka na Mpimbwe upo, karanga zipo, samaki wa Mto Ugalla wapo, dagaa wa Karema hufika mnadani, na asali ya miombo huuzwa kwa madebe. Hata hivyo, Rukwa, ambako Katavi ilimegwa mwaka 2012, ndiyo iliyoongoza nchi kwa udumavu katika utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16. Watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Huo ni mkoa unaosafirisha mahindi kulisha wengine. Kitaifa udumavu ulikuwa asilimia 34 wakati huo, na mwaka 2022 ulishuka hadi 30. Sehemu kubwa ya udumavu huo hujengeka kati ya mwezi wa sita na mwaka wa pili, yaani kipindi hikihiki cha uji kwenye nyusi.

Kwa nini miezi sita? Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja na akiba ya madini ya chuma aliyopewa tumboni, na akiba hiyo hupungua sana karibu na nusu mwaka. Maziwa ya mama hayawezi kuijazia. Yana takribani miligramu 0.3 tu za chuma kwa lita, ilhali mahitaji ya mtoto wa miezi saba hukadiriwa kuwa miligramu 11 kwa siku. Wakati huohuo anaanza kukaa akiegemezwa, shingo imekaza, na ulimi umeacha kusukuma nje kila kinachogusa mdomo. Kumwanzishia uji akiwa na miezi mitatu "kwa sababu analia sana" ni kumpunguzia maziwa na kumfungulia mlango wa kuhara. Kumchelewesha hadi miezi tisa nako ni kumwacha na damu pungufu. Kunyonya hakukomi hapo. Kunaendelea hadi miaka miwili na zaidi.

Sasa tuje kwenye uji wenyewe. Hesabu yake ni rahisi, na inashangaza jinsi walioipiga walivyo wachache.

Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba takribani mililita 240 kwa mlo mmoja, kikombe kimoja cha kawaida. Uji mwepesi, ule unaoteremka kwenye kijiko kama maji, huwa na gramu 50 hivi za unga kwa lita. Kikombe kimoja basi kina gramu 12 za unga, ambazo hazifiki kalori 45. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji kalori 200 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula. Kwa uji huo angetakiwa anywe zaidi ya lita moja kila siku, na hapo nafasi ya kunyonya haipo tena. Anashiba, analala, anakonda. Jirani anasema amebemendwa, yaani wazazi wamevunja miko ya unyumba, wazazi wanaanza kutazamana vibaya, na unga hakuna anayeutazama.

Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kina kalori 40, karibu sawa na kikombe kizima cha uji ule. Kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa laini kina 90 hivi. Kwa hiyo uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kukimbia, kisha utiwe karanga, au maziwa yaliyochemshwa, au mafuta.

Uji mzito nao humshinda mtoto kumeza, na wazee wa nchi hii walikuwa na jibu muda mrefu kabla ya maabara. Ulezi hulowekwa usiku mmoja, huachwa uote siku mbili tatu, hukaushwa na kusagwa. Hicho ni kimea, kilekile cha togwa na pombe. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga vipande vifupi, na wanga uliokatwa hauvimbi. Pika uji mzito kabisa, unaokaribia ugali, uache upoe kidogo, tia kijiko cha kimea, koroga. Baada ya dakika chache utaona umelainika na kutiririka, na unga wote bado umo ndani. Urudishe motoni uchemke tena, kisha mpe. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kwa njia hii unga katika uji wa mtoto unaweza kuongezwa sana bila uji kugeuka gundi. Tahadhari moja: kimea cha mtama kina sumu ya jamii ya sayanidi kwenye machipukizi yake. Tumia ulezi.

Kuhusu "unga wa lishe" wenye nafaka sita, soya na karanga vilivyosagwa pamoja, msimamo wangu hauwapendezi wauzaji. Kila nafaka ina muda wake wa kuiva, soya isiyokaangwa vizuri humsumbua mtoto tumbo, na karanga zikishasagwa ndani ya unga huchacha upesi. Unga wa nafaka moja au mbili unatosha. Kingine kiingie sufuriani siku ya kupika.

Baada ya wiki chache uji uache kuwa chakula pekee. Ndizi iliyopondwa, viazi lishe, matembele yaliyochambuliwa na kusagwa, maharage yaliyotolewa maganda, papai, embe wakati wa msimu. Vya chuma: maini, nyama iliyosagwa, samaki, dagaa waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaushwa tena na kutwangwa kuwa unga. Yai lipo bandani, na bado zipo nyumba ambako mtoto hapewi kwa madai kwamba atachelewa kusema. Hakuna ushahidi wa hilo. Chai ya rangi ndiyo ya kumnyima, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa.

Nirudi kwenye fujo. Mtoto anapotia mkono kwenye bakuli, akaponda, akajipaka na kutupa, anajifunza uzito, joto na ulaini wa kitu ambacho baadaye ataruhusu kiingie kooni. Kinachochukiza siku ya kwanza huzoeleka kwa kuguswa. Akitema mchicha, tusihukumu kwamba hapendi mchicha. Tafiti za watoto wachanga zinaonyesha kwamba chakula kipya huhitaji kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hakijakubaliwa. Wazazi wengi huacha mara ya tatu. Mpe kijiko chake ashike wakati wewe unatumia chako, umwekee kipande cha kiazi laini mkononi, na mkeka utaoshwa baadaye. Akigeuza uso, amekwambia neno. Subiri kidogo, jaribu tena, akikataa funga biashara hadi mlo ujao.

Kinyume chake ni kunywesha kwa kiganja. Mtoto hulazwa mapajani, kiganja kikakingwa mdomoni kama mfereji, uji ukamiminwa, na akitafuta pumzi hana budi kumeza. Ni njia safi, nalikubali hilo. Halidondoki hata tone. Ila uji huweza kuingia mapafuni, na mtoto anayelishwa kwa kushindwa nguvu hujifunza kuogopa bakuli. Bibi zetu waliifanya kwa mapenzi na kwa haraka ya shamba. Haraka ya shamba bado ipo, hasa mwezi Desemba na Januari mahindi na tumbaku vinapodai mikono yote, na mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane.

Hapo ndipo chupa ya chai inapoingia. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, lakini baadhi ya bakteria, kama Bacillus cereus anayependa nafaka, huacha vijimbegu visivyokufa kwa kuchemka. Uji ukiwa juu ya nyuzi 60 havifanyi kitu. Ukishuka kuwa vuguvugu huamka na kuzaana, na chupa nzuri hufanya kazi ya kuuhifadhi uvuguvugu huo kwa saa nyingi. Chupa ya bei rahisi iliyopasuka kizibo hufika hapo mapema zaidi. Kanuni inayotumika duniani ni saa mbili. Chakula kilichopikwa kikikaa nje kuzidi hapo kimwagwe. Kwa dada wa miaka minane, dawa ni kumwachia unga uliopimwa, pamoja na mtu mzima wa jirani wa kuupika saa sita, au vyakula visivyo vya kumimina: ndizi, parachichi, yai la kuchemsha lililo ndani ya ganda lake hadi dakika ya kuliwa.

Hatari nyingine inatembea uani kwa miguu miwili. Francis Ngure na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, waliwafuatilia watoto wa vijijini Zimbabwe na kuwaona wakila udongo na kinyesi cha kuku. Mtoto anayetambaa huokota kila kitu, na kuku hufuata makombo yaleyale aliyoyaangusha. Watu walitarajia kwamba vyoo, maji ya kunawa na eneo safi la kuchezea vingepunguza udumavu. Jaribio kubwa la SHINE, nchini humohumo, matokeo yake ya 2019 yakaleta ubaridi: hivyo havikubadilisha urefu wa watoto. Kilichosaidia ni chakula, mchanganyiko wenye mafuta na virutubishi uliotolewa kila siku kuanzia miezi sita hadi 18, ambao ulipunguza udumavu kutoka asilimia 35 hadi 27. Sisomi matokeo hayo kama ruhusa ya uchafu. Kibuyu chirizi mlangoni kibaki, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kulisha, kuku wafungiwe mtoto anapokula. Lakini anayetumia nguvu zote kwenye kufagia na kumpa mtoto uji mwepesi ameanza na jambo la pili.

Kuna sumu isiyoosheka pia. Sumukuvu hutoka kwenye ukungu wa mahindi na karanga zilizovunwa na kuwekwa mbichi, na moto wa jikoni hauiharibu. Nchini Kenya mwaka 2004 iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Hapa kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, vifo vilikuwa takriban 20. Mtoto mdogo huchukua dozi kubwa kuliko mtu mzima kwa uzito wake, kwa kuwa analishwa nafaka hiyohiyo asubuhi, mchana na jioni. Kausha juu ya turubai, hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, na karanga zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye rangi ya kijani zisiende kwenye unga wa mtoto kwa kisingizio cha kutotupa. Kwa kawaida ndizo zinazokwenda huko, maana nzuri zimeuzwa.

Kupaliwa kunawatisha wazazi kuliko haya yote, na mara nyingi wanakosea dalili. Mtoto anayekohoa kwa kelele, uso mwekundu, anajitoa mwenyewe, mwache. Asiyetoa sauti ndiye aliyezibwa. Mlaze kifudifudi mkononi, kichwa chini, mpige mapigo matano katikati ya mabega, kisha mgeuze umkandamize kifua mara tano, urudie huku mtu akitafuta msaada. Karanga nzima, muwa na samaki asiyetolewa miiba visubiri.

Nimeiacha asali mwisho kwa kuwa huku haihesabiwi kuwa chakula cha kuogopwa. Ugalla na Inyonga ni nchi ya mizinga. Asali hulambishwa mtoto kwa kikohozi, na hata siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Asali yoyote, ya Katavi au ya Ulaya, huweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulizimu. Utumbo wa mtu mzima haviupi taabu. Utumbo wa mtoto chini ya mwaka mmoja huviruhusu kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, ugonjwa uliotambuliwa California mwaka 1976. Ni wa nadra, na kuchemsha asali nyumbani hakusaidii, kwa sababu vijimbegu hivyo vinahitaji joto la nyuzi 121, ambalo sufuria ya kawaida hailifikii. Huanza kwa kufunga choo siku kadhaa, kisha kilio kinafifia, kunyonya kunalegea, kope zinashuka, shingo haishiki tena. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na anayempeleka ataje mwenyewe kwamba alilambishwa asali, bila kungoja kuulizwa, kwa kuwa shingo inayolegea inaweza kumpeleka mganga kwenye malaria kwanza.