Kukusanya Buibui Kando ya Ziwa Duluti: Somo la Sayansi Nje ya Darasa

Katika mafunzo ya ualimu husemwa mara nyingi kwamba mtoto hujifunza kwa kuona na kutenda kuliko kwa kusikiliza. Neno hili ni la kweli. Lakini mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huchora picha ya buibui ubaoni na kuandika orodha ya kukariri: miguu minane, sehemu mbili za mwili, hana mabawa. Watoto hunakili, hufaulu jaribio, kisha wakitoka nje humkanyaga buibui wa kwanza wamwonaye. Hapo hatuna budi kujiuliza kama tumefundisha kitu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tunavyoendesha ziara ya kukusanya buibui, pamoja na makosa tuliyoyafanya, ili mwalimu anayeanza kazi asiyarudie.

Mahali na Majira

Ziwa Duluti lipo Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, karibu na barabara iendayo Moshi. Ni ziwa dogo la kasoko, lililotokana na volkano, nalo limezungukwa na msitu wa hifadhi. Nje ya msitu huo kuna mashamba na nyumba za watu. Kwa hiyo, katika mwendo mfupi wa miguu, mtoto huweza kulinganisha buibui wa shambani, wa msituni na wa ukingoni mwa maji.

Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi humshauri mwalimu afanye ziara kama hii majira ya kuchipua. Kwetu hakuna majira hayo. Mvua ndiyo iamshayo viumbe. Sisi huenda mwishoni mwa masika, mvua zinapopungua, kwa maana wakati huo majani ni mengi na wadudu waliwao na buibui ni wengi pia. Tena huenda asubuhi na mapema, kabla umande haujakauka. Umande huyafanya matone madogo yang'ae juu ya kila uzi, na utando ambao mchana usingeonekana huonekana wote bila kuguswa.

Matayarisho

Kwanza, mwalimu aombe ruhusa kwa wasimamizi wa hifadhi na awaarifu wazazi. Pili, aipite njia yote yeye mwenyewe kabla ya siku ya ziara. Tatu, awagawe watoto katika makundi ya watano watano, kila kundi likiwa na kiongozi. Nne, atangaze amri mbili zisizovunjwa: hakuna atakayeingia majini, na hakuna atakayemshika buibui kwa mkono mtupu. Buibui wengi hawana madhara kwa binadamu, lakini wapo wachache wenye sumu kali, na mtoto hawezi kuwatambua.

Vifaa si vya gharama: vichupa vya plastiki vyenye vifuniko, kitambaa cheupe, fimbo, brashi laini, kadi ngumu, karatasi na penseli.

Hofu ya Mwalimu

Kuna jambo moja ambalo halimo katika orodha ya vifaa. Katika ziara yetu ya kwanza, mwanachuo mmoja alikuwa akiwaogopa buibui tangu utotoni, naye aliona aibu kutuambia. Buibui mkubwa alipoanguka kitambaani, alipiga kelele na kurudi nyuma. Watoto wote wakakimbia, na somo likaishia hapo. Siku ile tulijifunza kwamba hofu ya mwalimu hufundishwa upesi kuliko maneno yake.

Ziara iliyofuata mwanachuo yule yule aliwaambia watoto waziwazi: "Mimi pia naogopa, lakini nataka kujua." Kisha akamfunika buibui kwa kichupa, akapitisha kadi chini yake polepole, akakifunga. Mikono yake ilitetemeka, na watoto waliiona. Hakuna aliyemcheka. Msichana mmoja aliyekuwa amesimama mbali alisogea, akaomba ajaribu yeye. Tangu hapo hatumtaki mwanachuo afiche hofu yake. Twamtaka aishinde mbele ya watoto.

Namna ya Kukusanya

Sehemu ya kwanza ni vichakani. Mtoto mmoja hukitandaza kitambaa chini ya tawi, na mwingine hulipiga tawi kwa fimbo mara mbili tatu. Buibui huanguka na kuonekana vizuri juu ya weupe. Kabla ya kupiga, watoto watazame tando kwanza. Waguse uzi mmoja kwa ncha ya jani la nyasi, wakilitikisa kidogo, kisha watazame. Huenda buibui akaja mbio, au akakimbia. Mwalimu asieleze, aulize: "Amejuaje?"

Sehemu ya pili ni chini, katika majani makavu. Hapa hupatikana buibui wawindao kwa mbio, wasiotega utando wa kunasia. Baadhi ya majike hubeba kifuko cha mayai nyuma ya tumbo, na watoto wao wakianguliwa hupanda mgongoni mwa mama. Jike wa namna hii atazamwe tu, kisha aachwe.

Sehemu ya tatu ni ukingoni, penye matete. Wapo buibui wawezao kutembea juu ya maji, ambao huweka miguu ya mbele juu ya uso wa maji na kuhisi mawimbi madogo ya mdudu anayehangaika. Watoto wakishaona utando na maji pamoja, hugundua wenyewe kwamba mambo hayo mawili ni kazi moja.

Kila kichupa kiwe na buibui mmoja tu. Sisi tuliwahi kuwatia watano pamoja. Tulipofika chuoni tulimkuta mmoja, ameshiba. Pia kila kichupa kiwe na karatasi inayotaja mahali, tarehe, mahali hasa alipokuwa buibui, na jina la kundi. Iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino mwingi huyeyuka katika spiriti ya kuhifadhia. Kielelezo kisichojulikana kilikotoka hakimfundishi mtu.

Kazi ya Darasani

Kesho yake watoto wawapange buibui kwa makundi wanayoyabuni wenyewe. Wengine hupanga kwa rangi, wengine kwa ukubwa. Mwalimu awaongoze kwa maswali hadi wafikie upangaji wa manufaa zaidi: wategao kwa utando, wakimbizao, warukao, na waviziao. Hapo ndipo sasa orodha ya ubaoni ina maana. Wamlinganishe buibui na panzi: miguu minane kwa sita, sehemu mbili za mwili kwa tatu, panzi ana vipapasio, buibui hana. Wataona kwamba buibui si mdudu, ingawa sote humwita hivyo.

Mwalimu aongeze maarifa ambayo jicho haliwezi kuyapata. Aina za buibui zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi zilifikia 50,000 mwaka 2022. Kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo arukaye, aitwaye Evarcha culicivora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba yeye hupendelea kula mbu waliokwisha kunywa damu. Mtoto aliyewahi kuugua malaria hasahau habari hiyo.

Mwisho, isipokuwa vielelezo vichache vya chuo, buibui wote warudishwe walikotolewa. Kazi hii wafanye watoto wenyewe. Wakati huo mwalimu asiseme neno, bali aitazame miguu ya wanafunzi wake. Mtoto akimwona buibui njiani, akainua mguu na kumpisha, somo limefika.