GRE Si Maficho ya Anayeogopa Hesabu

"Mwalimu, mimi nimesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hesabu niliachana nazo kidato cha nne. Si afadhali nifanye GRE badala ya GMAT?"

Swali hili hunijia kila msimu wa maombi ya MBA unapokaribia, na karibu kila anayeuliza ameshajijibu kabla hajanifikia. Kwenye kundi la WhatsApp ameambiwa kwamba, kati ya mitihani hii miwili ya kuombea MBA, GMAT ni ya wahasibu na wahandisi, na GRE ni mlango wa watu wa sanaa. Baadhi yao wameshalipia mtihani, zaidi ya dola 200. Imani hii inawapotezea vijana fedha, wakati mwingine na mwaka mzima wa maombi, na haina msingi wowote.

Tuangalie mtihani wenyewe. Tangu ETS, wenye GRE, walipoufupisha Septemba 2023, GRE ina insha moja, maswali 27 ya lugha na maswali 27 ya hesabu. Kila upande hupimwa kwa alama 130 hadi 170. Sasa hizo hesabu zimekimbiwa wapi? Tena jiometri bado imo: pembetatu, duara, mche duara na ujazo wake. GMAT imeiondoa jiometri katika muundo wake mpya ulioanza Novemba 2023. Wengi wanaoniambia hesabu ziliwashinda shuleni, nikiwauliza mada gani hasa, hunitajia jiometri. Na ndiyo wanayoikimbilia.

Hapo huwa naambiwa: "Lakini maswali ya GRE ni mepesi, na kikokotoo kipo kwenye skrini." Ni mepesi kwa kila mtu, ndugu yangu. GRE hufanywa pia na wanaokwenda kusomea uzamili na uzamivu wa fizikia, uhandisi na kompyuta, na hao hesabu hizo wanazifagia. Ndiyo maana alama kamili ya hesabu, 170, haimwingizi mtu katika asilimia 5 ya juu ya watahiniwa, ilhali 165 ya lugha humweka humo au jirani kabisa. Penye wengi wanaopata, makosa mawili ya uzembe yanakushusha chini ya maelfu ya watu. Isitoshe, ukivurunda maswali 12 ya sehemu ya kwanza ya hesabu, kompyuta inakuletea sehemu ya pili iliyo nyepesi, na alama za juu huzifikii tena. Nimeona watu wakitoka na furaha kwa kuwa sehemu ya pili ilikuwa laini. Ulaini huo ndio uliokuwa habari mbaya.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Upande wa lugha wa GRE unadai misamiati ya Kiingereza ambayo hata wazawa wa lugha hiyo huikuta vitabuni tu: jaza pengo kwa neno linalofaa, chagua maneno mawili yanayoipa sentensi maana ileile. Aliyeanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza, nyumbani na mtaani akizungumza Kiswahili, anakwenda kupambana na ukuta ambao miezi mitatu ya kukariri orodha ya maneno haiubomoi. GMAT ya sasa haina hata maswali ya kusahihisha sarufi. Lugha yake ni ufahamu na kupima hoja: mwandishi amedai nini, amejengea juu ya nini, kipi kingemdhoofisha. Mwanafunzi wa HKL, au mwanasheria, kazi hiyo ameifanya kwa miaka. Tunamtoa penye nguvu yake na kumpeleka penye udhaifu wake, kisha tunasema tumemsaidia.

Msinielewe kwamba GMAT ni nyepesi. Ina maswali 64 kwa saa mbili na robo, na maswali 21 ya hesabu hufanywa bila kikokotoo. Sehemu ya tatu, ya kusoma majedwali, grafu na takwimu, ina uzito sawa na hizo nyingine mbili, na ndiyo inayowaangusha wasiojizoeza. Chuo cha biashara kinataka kujua kama utaziweza takwimu na fedha za muhula wa kwanza. Hakuna mtihani utakaokuficha na hilo. Hesabu zako zikiwa dhaifu, rudi kwenye asilimia, uwiano, aljebra na hesabu za maneno, na ujipe miezi minne ya kweli.

Na hofu kwamba vyuo huidharau GRE? Harvard wanaipokea tangu 2009, na leo karibu vyuo vyote vikubwa vya biashara Marekani na Ulaya vinapokea yoyote kati ya hizo mbili. Hilo lisikucheleweshe.

La kufanya, basi. GMAC, wenye GMAT, na ETS kila mmoja hutoa mitihani miwili ya majaribio bure mtandaoni. Fanya mmoja wa kila upande, kwa saa, bila kusimama, wiki mbili tofauti. Usilinganishe alama, linganisha umewapita watahiniwa asilimia ngapi, kisha chagua palipo juu na usigeuke tena. Ukisikia mtu alipata 700 za GMAT, uliza mwaka gani: 645 za sasa ni takriban 700 za zamani. Una uzoefu mrefu wa kazi na unataka MBA ya watendaji? Uliza kuhusu Executive Assessment, ya dakika 90. Una shahada yenye hesabu nyingi na ufaulu mzuri? Uliza chuo kama kinasamehe mtihani. Mitihani yote miwili hufanyika hata nyumbani, lakini kama umeme au intaneti yako haiaminiki, nenda kituoni. Kurudia GMAT ni baada ya siku 16, GRE siku 21, na matokeo hudumu miaka mitano. Raundi ya kwanza ya vyuo vingi vikubwa vya Marekani hufungwa Septemba, kwa hiyo jaribio lako la kwanza liwe kabla ya Julai kwisha.