Maneno Yaliyobaki Kinywani

Mwezi wa Juni baridi ya Ufipa huwakusanya watu motoni, na penye moto hapakosi hadithi. Hadithi ikiisha, sisi wazazi humwuliza mtoto, "Je, kulitokea nini?" Ni swali jema, lakini halitoshi. Mtungaji wa hadithi fupi hana nafasi ya kueleza kila jambo, na mara nyingi jambo kubwa ni lile ambalo wasemaji wake wameliacha kinywani.

Hebu tutwae hadithi hii ndogo, niliyoitunga kwa ajili ya ukurasa huu. Bwana mmoja amekwenda Sumbawanga mjini kuuza gunia la maharage. Amerudi usiku, mikono mitupu. Mkewe anasonga ugali.

— Njiani kulikuwa na vumbi?

— Vumbi tele.

— Na chumvi je?

— Maduka yalifungwa.

— Yote?

— Yote, Mama Maria. Nilipita kwa dada.

— Bado hajainuka?

— Bado.

Mke akanyamaza. Kisha akaenda akamletea maji ya moto ya kunawa.

Msomaji wa haraka atasema, "Bwana huyu amekunywa fedha!" Kweli, swali la vumbi si la vumbi. Vumbi hukausha koo, na mke ataka kujua kama koo lile lililoweshwa kilabuni. Hata lile neno "Yote?" ni la mtu asiyesadiki, maana nani aliona maduka yote ya mjini yamefungwa siku moja? Basi mke ana shaka, hilo tumelipata. Lakini shaka ya mke si ushahidi juu ya mume.

Tazama sasa maneno "Bado hajainuka?" Mtu mzima wa afya haulizwi hivyo. Kumbe dada ni mgonjwa, tena wote wawili walijua tangu zamani, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kutaja ugonjwa. Fedha za maharage zimebaki kwa mgonjwa. Mume hakusema, na mke hakuuliza. Na kwa nini bwana akasingizia maduka? Nadhani aliona haya, maana mkono uliopalilia maharage yale ni wa mkewe. Maji ya moto ndiyo jibu la mke, wala hakuongeza neno.

Wako vijana ambao, wakisha kuonja utamu wa kutafuta yaliyofichwa, huzidi mpaka. Mmoja ataona uchawi katika yale maji, mwingine ataona mke wa pili mjini. Huyo aulizwe kwa upole: neno gani katika hadithi limekuonyesha hayo? Asipoweza kuweka kidole juu ya neno, basi ametunga hadithi yake mwenyewe.

Sanaa hii haikuletwa Ufipa na vitabu vya shule. Mwingereza mmoja, Roy Willis, alikaa huku miaka ya 1962 hadi 1964 akijifunza habari za Wafipa, na mwaka 1978 kitabu chake cha hadithi zao kilipigwa chapa. Nasi twaijua hadithi ya Milansi, kama wengi wanavyoisimulia. Mwene Ntatakwa alikuwa mawindoni. Wakafika wanawake watatu, wageni. Mke wa Mwene akampa mkubwa wao kigoda cha enzi akalie, na utawala ukahama papo hapo. Ntatakwa aliporudi alikubali yaliyokwisha kutokea, akabaki na Milansi yake na mlima Itweelele.

Hakuna hotuba ndefu pale. Kigoda kimesema. Lakini mke yule alisema nini kwa kukitoa? Waulizeni babu na bibi zenu jioni hii. Mimi naona aliogopa. Mke wangu hakubali. Yeye asema mama yule alikuwa peke yake nyumbani, na mgeni alikuwa amesimama.